Wasomaji Wanauliza: Mzigo Unaotembea Ndani ya Tenki

Toleo lililopita tuliomba maswali kuhusu kazi ya kuendesha tenka za mafuta. Mengi yametoka kwa madereva na matingo, na mengine kwa watu wanaoishi au kufanya kazi jirani na magari hayo. Wanaojibu ni madereva wa masafa marefu na mafundi wa matenki. Barua tumezifupisha, majina tumeyaacha.

SWALI: Naendesha semi ya mbao na saruji, huu mwaka wa sita. Sasa nimepata tajiri mwenye tenka. Wenzangu wananiambia gari ni gari. Nikishika usukani nitaona tofauti gani? (Dereva, Mafinga)

JIBU: Ndugu yetu, gari ni gari mpaka ukanyage breki. Saruji ukiifunga vizuri inakaa ulipoiweka. Mafuta yanatembea. Ukikanyaga breki lori linapunguza mwendo, lakini mafuta yanaendelea mbele, yanagonga ukuta wa mbele wa tenki, yanarudi nyuma, kisha yanakuja tena. Utalisikia jambo hili kwenye kiti: umeshasimama, halafu sekunde moja au mbili baadaye kitu kinakusukuma mgongoni. Kukiwa na utelezi, msukumo huo wa pili unaweza kukuingiza katikati ya makutano. Ndiyo maana breki ya tenka hukanyagwa mapema, kwa uzito ule ule, na mguu hauachii mpaka wimbi litulie.

Tenki la lita 36,000 hugawanywa vyumba, tuseme sita vya lita 6,000 kila kimoja. Chumba kirefu huwekewa pia kuta zenye matundu za kuvunja mawimbi. Vyote hivyo husaidia wimbi la mbele na nyuma. Wimbi la ubavuni halina wa kulizuia, nalo ndilo linalolaza tenka. Fikiria kipilefti. Unaingia kwa kukata kushoto, unazunguka kulia, unatoka kwa kukata kushoto tena. Kila unapogeuza usukani mafuta yanachelewa kidogo, yanafika ubavu wa pili wakati wewe umeshabadilisha upande. Pabaya zaidi ni pale pa kutokea, kwa sababu dereva ameona njia nyeupe na ameanza kuongeza mwendo. Kumbuka pia kwamba nguvu ya kulitupa gari nje ya kona haiongezeki sawa na mwendo. Kona uliyopita kwa kilomita 40 kwa saa, ukiipita kwa 60 nguvu hiyo ni mara mbili na robo. Na uzito wa tenka umekaa juu kuliko ulivyozoea kwenye saruji.

Jambo ambalo wageni wa kazi hii hulikosea ni kudhani mzigo nusu ni salama kuliko mzigo kamili. Chumba kilichojaa mpaka alama hakina nafasi ya kufanya wimbi, na kilicho tupu hakina cha kutembea. Hatari iko katikati. Kanuni za Ulaya za kubeba mizigo hatari zinasema chumba cha zaidi ya lita 7,500 kisicho na kuta za mawimbi kiwe na angalau asilimia 80 au kisizidi asilimia 20. Hata pale ambapo hakuna anayekukagua, fuata hivyo: kila chumba kijae mpaka alama yake au kibaki kitupu. Usikijaze mpaka mdomoni, kwa sababu mafuta yanavimba yakipata joto. Ukija kuhamia tenka za maziwa au mafuta ya kula, uwe mwangalifu mara mbili, maana mengi hayana kuta za ndani ili yaoshwe kwa urahisi. Maboza ya maji ya kumwagia barabara ni yale yale: hutembea kutwa nzima yakiwa nusu.

Uzito nao unabadilika bila lita kubadilika. Lita 36,000 za petroli ni kama tani 26.6. Lita hizo hizo za dizeli ni kama tani 30.2. Gari lile lile, ujazo ule ule, lakini leo breki zinabeba tani tatu na nusu zaidi. Kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, gari la ekseli sita lenye hosi (kichwa kinachovuta tela) ya ekseli tatu na tela la ekseli tatu linaishia tani 50: nane mbele, 18 kwenye ekseli mbili za nyuma za hosi, 24 kwenye tela. Mizani inapima kila kundi la ekseli, kwa hiyo unaweza kuwa chini ya tani 50 na bado ukapigwa faini kwa sababu chumba cha nyuma kimejaa na cha mbele kitupu. Unaposhusha vituo vitatu, anza na vyumba vya nyuma. Ukianza na vya mbele hosi inakuwa nyepesi, na matairi ya kuvuta yanakosa mshiko kwenye mvua.

La mwisho kwako: tairi ikitoka nje ya ukingo wa lami, usiurudishe usukani kwa kuuvuta. Achia pedali ya mafuta, shika usukani umenyooka, acha mwendo ushuke, ndipo upande lami polepole. Dereva anayeuvuta kwa mshtuko hurudi barabarani, lakini mzigo wake unaendelea kwenda upande mwingine.

SWALI: Shikamooni wakubwa. Mimi ni utingo, ninajifunza. Tunapakia Dar es Salaam kwa karatasi safi, sili hazijaguswa, lakini tukifika Mbeya kunaonekana shoti, yaani upungufu, wa lita mia tatu, mia nne. Dereva anakatwa mshahara na mimi naitwa mwizi. Mafuta yanakwenda wapi? (Utingo, Tunduma)

JIBU: Marahaba, kijana wetu. Swali lako linawaumiza watu wengi, kwa hiyo tutalihesabu.

Petroli hupungua ujazo kwa karibu asilimia 0.12 kwa kila nyuzi moja ya joto inayoshuka. Dizeli ni karibu asilimia 0.083. Chukua lita 36,000 za petroli zilizopakiwa Dar zikiwa na nyuzi 32. Umepita Iringa usiku, umelala Makambako kwenye baridi, umefika Mbeya mzigo una nyuzi 22. Nyuzi kumi zimeshuka. 36,000 mara 0.0012 mara 10 ni lita 432. Hakuna aliyeiba hata kikombe. Uzito wa mzigo ni ule ule, ila umejikunja. Kwa dizeli hesabu hiyo hiyo inatoa karibu lita 300.

Dawa yake ni karatasi. Kwenye hati ya kupakia bohari huandika joto na msongamano wa mafuta, na lita zilizosahihishwa hadi kiwango kimoja cha joto. Hizo zilizosahihishwa ndizo za kulinganisha mwanzo na mwisho wa safari. Kama mpokeaji anapima kwa dipu (kijiti cha kupimia kina) peke yake, bila kipimajoto na haidromita (kipima msongamano), analinganisha vitu viwili tofauti. Dereva aombe joto lipimwe mbele yake kabla ya kushusha, liandikwe kwenye hati ya kupokelea, na lisainiwe na pande zote mbili. Akisaini lita bila joto, amejifunga mwenyewe.

Dipu yenyewe ina mitego. Chumba cha lita 6,000 kina upana wa mita 2.4 hivi na urefu wa mita 2, kwa hiyo kila milimita moja ya kina ni karibu lita 5. Ukikosea milimita 5 kwenye vyumba vyote sita umeshapata shoti ya lita 150 kwa macho tu. Angalia gari limesimama mahali tambarare. Mteremko mdogo ambao jicho halioni unapandisha mafuta upande mmoja wa chumba. Subiri angalau dakika kumi baada ya kusimama ili mafuta yatulie. Futa kijiti kikauke, kishushe kwenye alama yake kikiwa wima mpaka kiguse sahani ya chini, usikidondoshe, kisha kitoe na usome mstari wa unyevu papo hapo. Petroli hukauka haraka, na mkono ukichelewa mstari unashuka. Kijiti kiwe cha tenki hilo hilo, na chati iwe ya Wakala wa Vipimo ambayo muda wake haujaisha. Tela lililogongwa na kunyooshwa bila kupimwa upya linadanganya kila safari.

Sasa, shoti za kweli zipo, na hatuwezi kuzificha. Mafuta hubaki ndani ya bomba la chini kama vali ya tumboni, iliyo chini ya chumba, haikufunguka yote. Hubaki chumbani kama gari limeinamia mbele. Na huuzwa njiani. Kabla ya kuondoka bohari soma namba za sili wewe mwenyewe, moja moja, juu na chini, uzilinganishe na hati, upige picha ukiwa nje ya eneo la kupakilia. Ukifika, mpokeaji azisome kabla hajazikata. Halafu muulize tajiri mkataba unaruhusu upungufu kiasi gani. Ukisema asilimia 0.3, kwa lita 36,000 ni lita 108. Hilo lijulikane kabla ya safari.

SWALI: Napeleka mzigo Kahama. Mzee mmoja alinifundisha nikifika mteremko wa Sekenke niweke gia huru, gari liteleze, ninaokoa dizeli. Wengine wananikataza. Nani mkweli? (Dereva mchanga, Nzega)

JIBU: Wanaokukataza. Na hata hiyo dizeli huokoi. Injini za siku hizi ukiachia pedali gari likiwa kwenye gia, pampu inakata mafuta kabisa na magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Ukiweka gia huru, injini inalazimika kuungurumia kwa mafuta yake yenyewe. Unatumia zaidi, na umejinyima breki ya injini.

Ngoma ya breki kazi yake ni kugeuza mwendo kuwa joto. Tani 50 zikishuka mlima kwa breki ya mguu peke yake, ngoma inapata moto, inapanuka, inaukimbia utando wa breki, na utando wenyewe unapoteza mshiko. Utakanyaga na pedali itajibu kama kawaida, upepo utatoka, lakini gari halipungui. Kabla ya hapo kuna harufu kama ya kitambaa kinachoungua, kisha moshi mweupe kwenye kioo cha pembeni. Ukiuona moshi umeshachelewa, tafuta pa kusimama sasa hivi.

Gia huchaguliwa juu, kabla ya mteremko kuanza. Ukishaanza kushuka kwa kasi, gia ndogo haiingii. Washa breki ya injini, na retada (kifaa cha kupunguza mwendo bila breki ya mguu) kama ipo. Jiwekee mwendo, tuseme kilomita 30 kwa saa. Ikifika 30 kanyaga breki kwa nguvu ya wastani mpaka ishuke 22, kisha achia kabisa, acha gia ishike. Ikirudi 30, rudia. Ule mtindo wa kuegemeza mguu kidogo kidogo njia nzima ndio unaopika ngoma. Ukirudi mtupu na barabara imelowa, zima retada: nyuma ni kwepesi na magurudumu ya kuvuta yanaweza kufunga yakateleza.

Kwa hiyo safari ya Sekenke inaanzia Singida, gari likiwa limesimama. Geji ya upepo isome bar 8 hadi 10. Zima injini, kanyaga breki na kuishikilia dakika moja, sikiliza: sauti ya upepo unaovuja isiwepo na sindano isiwe inashuka. Toa maji kwenye mitungi ya upepo kwa kufungua vali za chini. Ondoka taratibu na ujaribu breki ya tela peke yake, uone kama inavuta. Njiani upepo ukishuka kuelekea bar 5 kengele inalia, na ukizidi kushuka springi za breki zinafunga magurudumu zenyewe. Mtu akikushauri uzikaze springi hizo zisishike magurudumu ili ufike, mkatalie.

Tuongeze jambo la matairi, maana madereva wengi wanaogopa petroli na kusahau mpira. Moto wa tenka mara nyingi huanzia chini. Tairi moja ya ndani kwenye jozi ikiisha upepo, inabanwa na mwenzake, inasuguana, inapata joto kwa kilomita nyingi, halafu inawaka. Kila kilomita 150 au 200 simama, zunguka gari, gonga kila tairi kwa nyundo, weka kiganja karibu na kila kitovu cha gurudumu. Kimoja kikiwa cha moto kuliko wenzake, hapo pana breki iliyoganda au beringi inayokufa. Mtungi wa unga huuzima mwali wa tairi kwa dakika chache, kisha mpira unawaka tena kwa sababu bado una joto. Tairi inataka maji mengi na kwa muda mrefu. Ila ngoma iliyopata moto bila kuwaka usiimwagie maji, itapasuka. Iache ipoe yenyewe.

SWALI: Ninasimamia kituo cha mafuta. Mwezi uliopita petroli iliingia kwenye tenki la dizeli. Dereva anasema kosa langu, mimi nasema lake. Utaratibu ukoje? (Msimamizi wa kituo, Kahama)

JIBU: Pole sana. Kosa hili huwa la wote wawili, kwa sababu hatua zote hutakiwa kufanywa na watu wawili wakiwa pamoja.

Anza na nafasi kabla ya tenka kuingia. Tenki lako la ardhini la lita 20,000 lisizidi asilimia 97, yaani 19,400. Dipu ikionyesha 9,000, nafasi iliyopo ni 10,400. Huwezi kupokea vyumba viwili vya 6,000, hata kama hati inasema 12,000. Pima pia maji kwa dawa ya kupaka kwenye ncha ya kijiti, ile inayobadilika rangi ikigusa maji.

Tenka isimame ikiangalia njia ya kutokea, breki ya mkono juu, magurudumu yawekewe kabari, mitungi miwili ya kuzimia moto ya kilo 9 iwekwe chini kwenye pande mbili za kazi. Iliyobaki kwenye kishikio chake haitakusaidia. Waya wa ethi, unaopeleka umeme ardhini, ufungwe kabla ya kitu chochote kufunguliwa. Mafuta yakipita kwenye mpira yanazalisha umeme tuli, na cheche ndogo usiyoiona inatosha. Simamisha pampu zote zinazovuta kutoka tenki linalopokea, na zuia bodaboda wasipite.

Hapo sasa ndipo mlipokosea. Dereva asome kwa sauti chumba namba ngapi kina nini, wewe usome kwa sauti kibandiko cha mdomo wa tenki la ardhini, mpira ufungwe, halafu mfuate mpira kwa mkono kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Kabla ya kufungua vali, chota kidogo kwenye chombo cha kioo mtazame rangi na harufu. Yote haya hayazidi dakika tano. Mkikamia kumaliza kwa sababu mvua inakuja au foleni ya wateja ni ndefu, hapo ndipo petroli inapoingia kwenye dizeli.

Ikishaingia, simamisha mauzo hapo hapo, funga pampu kwa kufuli, toa taarifa. Usijaribu kuongezea dizeli ili "ipotee". Petroli kidogo tu inaifanya dizeli iwake kwenye joto la chini mno, na inaosha ulainisho unaolinda pampu za injini za wateja wako.

SWALI: Mimi ni fundi wa kuchomelea. Wananiletea tenka tupu lenye ufa, limekaa juani wiki tatu. Ninaweza kuchomelea? (Fundi, Mbeya)

JIBU: Hapana. Tupu ni hatari kuliko lililojaa. Tenki lililojaa petroli halina hewa ya kutosha kulipuka ndani. Mvuke wake ukichanganyika na hewa kati ya asilimia 1.4 na 7.6, unalipuka. Kwenye chumba cha lita 6,000, hata nusu lita iliyojificha kwenye kona, kwenye bomba la chini au ndani ya kutu inatosha kufikisha kiwango hicho. Jua la wiki tatu haliitoi, kwa sababu mvuke huo ni mzito kuliko hewa na hulala chini ya tenki. Dizeli nayo usiidharau: moto wa kuchomelea unaigeuza mvuke.

Kumwaga maji na sabuni ukafungua vifuniko hakutoshi. Tenki lioshwe kwa mvuke wa maji moto, mabomba na vali vifunguliwe, vyumba vya jirani navyo viwe safi, lipulizwe hewa, kisha mtu mwenye kipima gesi apime juu, katikati na chini, na apime tena kila unaporudi kutoka kula. Huna kipima gesi, huna kazi hiyo. Na usimruhusu kijana wako aingie ndani kufuta. Mvuke unamlegeza kabla hajajua, na anayemfuata kumwokoa hulala juu yake.

SWALI: Ninaishi jirani na barabara kuu. Tenka ikianguka, dereva anatakiwa afanye nini watu wakija na madumu? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Unauliza kutoka mji ambao hauhitaji kuelezwa. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu walikufa watu zaidi ya 100. Sachangwan nchini Kenya, 31 Januari 2009, zaidi ya 100. Sange, Kivu Kusini nchini Kongo, 2 Julai 2010, zaidi ya 200. Mahali pote patatu gari lilianguka kwanza, watu wakakusanyika kwenye mafuta, moto ukaja baadaye. Muda wa kuwaondoa ulikuwepo.

Dereva akitoka mzima, kazi ya kwanza ni swichi kuu ya betri na vali ya dharura. Ya pili ni kupanda juu ya mteremko, upande unakotoka upepo, kwa sababu mvuke wa petroli unatambaa chini kama maji na kujaa mitaroni. Pikipiki inayowashwa mita 30 kutoka kwenye mtaro huo inatosha. Apige 114 ya Zimamoto au 112 ya polisi, aseme ni petroli au dizeli, lita ngapi, na namba iliyo kwenye kibao cha hatari cha tenka: 1203 ni petroli, 1202 ni dizeli. Watu wakae angalau mita 50 kama mafuta yanavuja tu. Tenki likishika moto, mita 800. Asijaribu kugombana na umati, wala asirudi kuokoa simu.

Ninyi mnaoishi hapo mna nguvu kuliko yeye. Dereva ni mgeni, na watu wanadhani analinda mali ya tajiri. Mwenyekiti wa mtaa, imamu, mchungaji, mama muuza chakula anayejulikana na wote, hao ndio wanaosikilizwa. Simamisheni pikipiki pande zote mbili za barabara, zimeni majiko ya mkaa, waiteni watoto kwa majina yao.

SWALI: Nina miaka 24. Nataka kuingia kazi hii, lakini nasikia mabomba yanaimaliza. Nianzie wapi? (Kijana, Eldoret)

JIBU: Bomba la Mombasa hadi Nairobi lipo tangu 1978, na tenka bado zinajipanga kupakia hapo kwenu Eldoret na Kisumu kwenda Uganda na mbele. Bomba la TAZAMA kutoka Dar es Salaam, lililoanza 1968 kupeleka mafuta ghafi Ndola nchini Zambia, sasa linapeleka dizeli. Safari nyingi za dizeli za Dar hadi Zambia zimepungua kwa sababu hiyo, lakini mafuta yakifika Ndola bado yanataka lori. Bomba linahamisha mahali pa kuanzia safari.

Kwa Kenya utahitaji leseni ya CE na cheti cha dereva wa tenka kinachosimamiwa na EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya. Kwa Tanzania ni daraja E, na mafunzo hutolewa VETA na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji. Anza na lori la kawaida miaka kadhaa. Unapoitwa kazini uliza mambo matatu kabla ya kuuliza mshahara: nani analipa shoti, posho ya foleni mpakani inahesabiwaje zikipita siku tano, na nani ana neno la mwisho dereva akisema breki hazifai. Jibu la hilo la tatu litakuambia kama ukae au uondoke.

SWALI: Mume wangu ni dereva wa tenka. Akirudi nguo zake zinanuka petroli na mimi nazifua pamoja na za mtoto. Kuna madhara? (Mama wa nyumbani, Chalinze)

JIBU: Dada yetu, zitenge. Petroli ina benzini, ambayo ikiingia mwilini kwa miaka mingi inaharibu damu, na mtoto mchanga ni dhaifu zaidi. Mwambie mumeo avue nguo za kazi kabla ya kuingia ndani, na atumie za pamba. Nguo za nailoni zinatengeneza cheche, na zikishika moto zinayeyukia kwenye ngozi. Akipatwa na mmwagiko safarini, ajimwagie maji nguo zikiwa bado mwilini ndipo avue, maana kuvua nguo iliyolowa petroli kabla ya kuimwagia maji kunaweza kutoa cheche.

Ukizipokea, zianike nje kwenye upepo kwanza, mbali na jiko la mkaa na mbali na dirisha la chumba cha mtoto, mpaka harufu ipungue. Zifue peke yake kwa sabuni nyingi, beseni lake lisitumike kwa kitu kingine, na maji yake usiyamwage karibu na kisima. Kama bado zinanuka, fua tena. Usizipige pasi mpaka harufu iishe kabisa.